Mniko na Jiwe Aliloliita Nyangi

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuchonga mawe, Mzee Mniko anatuaga leo, tarehe 31 Oktoba 2025, hapa machimboni kwetu karibu na Macalder. Alikuwa bado ana miaka ya kufanya kazi, lakini daktari alisikiliza kifua chake akasema vumbi limetosha.

Mimi ndiye niliyemfundisha kushika nyundo, ingawa alinitangulia kazini miaka sita. Hilo hakuwahi kulikataa, alicheka tu. Jiwe likiwa na ufa ndani, yeye aliusikia. Siku moja aligonga jabali kubwa kama kanisa la Asumbi, mara moja tu, likafunguka kama mkate, nusu ikaniangukia mguuni. Mimi nikaendelea na kazi.

Desturi yetu, anayefungua mwamba mpya huupa jina la mtu wa nyumbani kwake. Wangu niliupa jina langu mwenyewe, ukaisha kwa wiki mbili. Mwaka 1998 Mniko alifungua ule wa jiwe la mchanga la kijani, ambalo likilowa mvua utadhani majani ya kunde. Akauita Nyangi, jina la binti yake wa miaka mitatu. Jina likatembea. Mafundi wa Homa Bay wakawa wanaagiza lori mbili za Nyangi, na Rongo kuna nyumba ni Nyangi tupu kutoka msingi mpaka dirishani.

Mwaka 2016 binti alifariki akijifungua. Mniko aliporudi kazini, dereva mmoja asiye na habari akauliza, "Wazee, Nyangi bado iko?" Mniko akaweka nyundo chini. Sisi tukamhurumia. Hakuna aliyetuagiza, ila tangu siku hiyo tukasema "ile kijani" tu. Miaka tisa. Hata kwenye ubao wa langoni, mimi ndiye niliyelifuta jina, na nikajisifu.

Wiki iliyopita Lynnet wa ofisini alimuuliza anataka zawadi gani. Akajibu polepole, akivuta pumzi kati ya maneno: "Blanketi niko nayo. Niulizie tu hao ndugu zangu, mbona walimzika mtoto wangu mara ya pili?"

Kumbe siku ile ya dereva aliweka nyundo chini ili alisikie jina vizuri.

Hapo sina hadithi ya kuongeza. Tulikosea, Mzee, na wa kwanza ni mimi. Asante kwa kila jiwe, na kwa kutuvumilia. Nenda Kehancha ukapumzike, kifua kikupe nafasi. Tunakuombea siku njema nyingi, Baba Nyangi.