Mlenda wa Mjukuu

Treni ya kutoka Kaliua ilikuwa inakaribia Tabora. Flavia alikuwa akinyonyesha mwanawe, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele, kwa bibi aliyempakata mjukuu mwenye taya lililovimba na mganga msaidizi aliyeketi karibu naye.

"Bibi, saratani hii hukua kwa kitu kilichomo kwenye mboga za majani," alisema mganga. "Dawa mpya ya Wazungu atakayopewa Tabora hujifanya kitu hicho, uvimbe ukiimeza, unadumaa. Ukimlisha mlenda unaiharibu."

"Si ninyi wa zahanati mlioniambia mboga huongeza damu? Miezi miwili nachuma, leo nimekuwa mlishaji wa ugonjwa?"

"Hawakujua, bibi."

"Mkikosea ninyi, hamkujua. Nikikosea mimi, mshamba."

Behewa zima la daraja la tatu likaguna. Flavia, aliyejifunza kusoma darasa la jioni, aliiamini dawa. Ila hasira ya bibi aliiona ni ya haki.

"Na hiyo dawa inaponya?" bibi akauliza.

"Wengine uvimbe hunywea."

Mtoto akanyoosha mkono kwenye bakuli la ugali na mlenda alilobeba bibi. Mganga akalifunika kwa kiganja.

"Ondoa mkono, mwanangu," bibi akamwambia mganga. " Hajala tangu jana."

Treni ikasimama. Kiganja kilikuwa bado juu ya bakuli.