Mama Régina Mwavita, mkunga aliyejifunza kujihurumia (1961–2025)

Mama Régina Mwavita alizaliwa Wamaza, katika teritwari ya Kabambare, tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa tatu wa mkulima Célestin na Mama Marie. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, kisha akaja Kasongo kusomea ukunga, akapata diploma mwaka 1982. Alikuwa mwepesi wa kusoma na mwepesi zaidi wa kubishana.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na mwalimu Placide, aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto wanne.

Alizalisha akina mama wa Wamaza miaka mingi. Agosti 2007 mzazi mmoja, Nadine, alimfia mikononi wakiwa njiani, wamembeba kwa kipoyi, machela ya miti, kuelekea Kabambare. Hakuna aliyemlaumu, hata mume wa Nadine. Alijilaumu mwenyewe, na kazi hiyo ya kujilaumu aliifanya usiku na mchana, mpaka akaacha ukunga.

Mwaka 2009 shirika moja lilimpeleka Uganda kwa mafunzo, na rafiki wa huko akamchukua kwenye mafungo ya siku kumi kwa watawa wa Kibudha: kuketi, kutafakari, kutembea polepole, bila kusema neno. Waliagizwa wawatakie mema watu wote, na nafsi zao pia. Mama aliwatakia mema hata askari waliompora mbuzi. Zamu yake mwenyewe ilipofika, moyo uligoma. Siku ya nane alilia kwa sauti, nyumba nzima ikasikia, na hakuna aliyemkemea. Mwezi uliofuata alirudi kazini. Walioulizana parokiani kama amebadili dini aliwajibu, “Miye niko Mukristu. Kule nilienda kujifunza kuikala na miye mwenyewe.”

Tangu hapo kila Januari alikaa kimya siku tatu nyumbani. Mwaka wa kwanza hakumwambia mtu. Kwetu mke asiyejibu salamu amekosewa, hivyo wazee wa ukoo wakaja na kuku wawili kumpatanisha na mumewe. Baba Placide, kwa woga, akakiri makosa matatu ambayo hakuna aliyeyajua. Mama alisikiliza yote bila kufungua kinywa. Siku ya nne aliyasamehe mawili.

Mei mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba. Binti yake Laetitia, aliyekuwa akiishi naye Wamaza, alidhani ni uchovu, akangoja siku nne amalize kuvuna mpunga, ndipo akampakia kwenye pikipiki kuja Kasongo. Daktari alisema ni figo, na kwamba wamechelewa. Jumapili Laetitia alipiga magoti kando ya kitanda.

“Mama, ni miye nilikukawisha.”

“Kama ni jirani yako alifanya hivi, ungemuambia nini?”

“Ningemuambia: ulifanya yenye uliweza.”

“Basi, jiambie vile.”

Mama alifariki kesho yake, Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, Placide. Watoto wanne, Bruno, Laetitia, Hippolyte na Victoire. Wajukuu kumi na mmoja. Na mabinti kumi na wanne wa Wamaza waliopewa jina lake.

Laetitia ndiye anayewasomea maneno haya. Siku mbili amejaribu kutii agizo la mama yake, na sauti imekataa. Sasa anasema mbele yenu nyote: Laetitia, ulifanya yenye uliweza.

Mama sasa apumzike.