Haragwe la Kabatini

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Aliye na chungu motoni apunguze moto. Leo sauti yangu ni nzito kidogo, mtanivumilia.

Tunamkumbuka mwalimu wa chekechea. Watoto walimwita Mwalimu Kopo. Wazazi wakadakia, mpaka jina lake halisi likabaki kwenye vyeti tu. Mwalimu Kopo amezikwa juzi, na somo lake hakulimaliza.

Hilo jina lilitoka wapi? Lilitoka kwenye makopo matatu ya maziwa ya unga, yaliyotobolewa chini kwa msumari. Kila mwaka aliyajaza udongo, akapanda punje ya haragwe katika kila kopo. La kwanza alilimwagilia, akaliweka dirishani. La pili alilinyima maji. La tatu lilipata maji, lakini akalifungia kabatini, gizani. Somo lenyewe ndilo hilo: mmea unahitaji nini ili ukue?

Na kila mwaka, wasikilizaji wapendwa, somo lilimgeuka. Lile lisilo na maji halikutoa hata pua, na hapo watoto walielewa. Lakini kabati likifunguliwa, haragwe la gizani lilikuwa refu kuliko la dirishani. Watoto wakashangilia: la kabatini limeshinda!

Mwalimu akachuchumaa, magoti yakilia. "Litazameni vizuri. Rangi yake iko wapi? Hili halijashinda. Linakimbia kutafuta mwanga, linakula akiba iliyokuwa ndani ya punje. Akiba ikiisha, litalala chini."

Watoto wa miaka mitano, utawaambia nini? Kwao refu ni refu. Basi alilirudisha kabatini, waje walione wenyewe likianguka.

Sasa tuseme ukweli. Mwalimu Kopo alikuwa amechoka. Mwenzake wa chumba cha pili alihamishwa, na hakuletwa mwingine. Akawa anafundisha vyumba viwili, amesimama mlangoni katikati, jicho moja huku, jingine kule. Nyumbani, mama mkwe wake yuko kitandani, wa kugeuzwa, kuogeshwa na kulishwa. Mumewe ni dereva wa lori, analala njiani zaidi kuliko kwake.

Mdogo wake anasimulia: "Dada alipika amesimama, akala amesimama. Ukimwambia kaa, anasema akikaa hatainuka."

Mama mkwe naye anasema: "Nilimwambia, mwanangu, pumzika. Ananicheka. Eti punda afe, mzigo ufike."

Na sisi wengine? Tulimsifu. Yule mama ni chuma, tulisema, hachoki yule.

Muhula huu kabati likafunguliwa kama kawaida. Binti mmoja mdogo, mtoto asiye na maneno mengi, akalitazama haragwe, akamtazama mwalimu aliyekonda. "Mwalimu, na wewe umekuwa hivi." Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka.

"Jioni alinipigia simu," anasema mdogo wake. "Akaniambia, leo nimefundishwa somo langu mwenyewe. Kisha nikamsikia anapenga kamasi. Nikamuuliza, dada, unalia? Akasema, nimechoka tu, mdogo wangu. Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake."

Kesho yake akaenda kwa mwalimu mkuu kuomba wiki moja ya kupumzika. Wiki moja tu. Mwalimu mkuu ametueleza mwenyewe, macho chini. "Nilimtania. Nikamwambia, wewe tena? Ukichoka wewe, sisi si tutakuwa marehemu? Akacheka, akachukua chaki yake, akaondoka. Nikadhani yamekwisha."

Wiki hiyo hakuipata, wasikilizaji wapendwa. Siku chache baadaye aliwaambia watoto walaze vichwa mezani, wapumzike kidogo. Naye akakaa kwenye kiti chao kidogo, akalaza kichwa chake. Watoto wakaona mwalimu amelala. Wakanyamaza kimya, wasimwamshe. Walinyamaza hivyo mpaka mfagizi alipoingia. Daktari amesema ni moyo.

Jana shule ilifunguliwa. Mwalimu mkuu akakuta kabati wazi na kopo la tatu liko dirishani, shina limeegemezwa kwenye penseli, limefungwa kwa uzi wa sweta. Akauliza nani amelitoa. Yule binti akajibu, "Lilikuwa limechoka." Majani yake, anasema mwalimu mkuu, yameanza kushika rangi.

Kwa mume wa marehemu, tunakupa pole, kaka. Mama mkwe, pole sana, mama yetu, umefiwa na binti. Mdogo wake, pole. Na ninyi wanafunzi wake, poleni, wanangu; hamkukosea kunyamaza. Mungu amlaze mahali pema.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi jioni hii mtazame yule wa nyumbani kwenu ambaye kila mtu anasema hachoki. Usimsifu. Mpe kiti, kisha chukua ufagio wewe.