Kibano Ambacho Sikukifungua

Dagny, zima hiyo redio uje ukae hapa, na wewe Clell acha kusimama mlangoni kama mgeni. Daktari amesema siku mbili, lakini kifua changu kinasema ni leo, na nina maneno niliyoyakalia miaka kumi na moja, kwa hiyo nisikilizeni mpaka mwisho na mtu asinikatize, maana nikikatizwa nitapata kisingizio cha kunyamaza tena.

Nianze na mambo mepesi. Nyumba na malisho ya upande wa kijito ni ya Dagny, kwa kuwa ndiye aliyebaki hapa. Ng'ombe na trekta ni vya Clell. Msije mkagombania ua wa mpakani. Mimi na kaka yangu hatukusemezana msimu mzima wa theluji kwa ajili ya nguzo nne, na nguzo zenyewe zimeshaoza. Sasa banda la zana. Humo kuna makopo ya risasi nilizojaza kwa mikono yangu. Asipige mtu hata moja, wala msimpe jirani. Zifungueni zote, moja moja, baruti mmwage bustanini. Sababu yake ndiyo niliyowaitia.

Mnajua ndugu yenu Royce alivyokufa kule juu ya Kijito cha Tolliver: dubu alimtokea akiwa anachuna kulungu wake, akapiga mbili, na bastola ikagoma ya tatu. Mnajua kwamba Lyle Kittredge, fundi wa bunduki, alikuwa ameitengeneza bastola ile wiki tatu kabla, akabadilisha springi ya gurudumu, lile linalobeba risasi na kuzunguka. Hayo niliwaambia mimi. Yaliyobaki sikuwaambia.

Risasi nilijaza mimi, na nilijiona hakuna anayejaza kama mimi Montana nzima. Ganda likishatiwa baruti na kichwa, unabaki mdomo wake, na kuna vibano viwili vya kuufunga. Kimoja hubana ubavu tu, kilaini, nacho ndicho nilichokipenda, kwa sababu risasi zake zilitoboa bati langu la shabaha tundu moja, na hakikunilazimisha kukata maganda yote yawe na urefu sawa. Kingine hukunja mdomo wenyewe uingie kwenye mfereji wa kichwa cha risasi na kukishika. Kwa risasi nyepesi za shabaha, changu kilitosha. Lakini Royce alikuwa na bastola nyepesi na risasi nzito za dubu, na bastola ya namna hiyo ikiruka mkononi, zile ambazo hazijapigwa huvutika, vichwa vinachomoza kidogo kidogo, mpaka kimoja kinatokeza mbele na gurudumu haligeuki tena.

Na Lyle aliniambia. Tulipokwenda na Royce kuchukua bastola, aliishika risasi moja akaigeuza kwenye mwanga, akasema, "Mzee Orrin, hizi ungezikunja. Piga tano, halafu pima ya sita uone kama imerefuka." Akanipa kibano chake cha kukunja, kipya, bado kimo kisandukuni. Nikamjibu mbele ya mwanangu, "Mimi nilikuwa najaza risasi wewe ukiwa bado unanyonya." Royce akacheka. Alicheka kwa kuwa aliniamini. Kupima risasi moja ni dakika tano, wanangu, na mimi nilirudi nyumbani nikala viazi, kile kisanduku sikukifungua.

Nipe maji, Dagny. Basi, inatosha.

Sherifu aliponirudishia bastola, aliiweka juu ya meza ya jikoni akaenda kumpa pole mama yenu. Nikaitazama. Kichwa cha risasi kilikuwa kimetokeza, na kulikuwa na damu kavu kwenye gurudumu, mahali Royce alipong'oka ukucha wa kidole gumba akililazimisha lizunguke. Nikachukua kisu, nikakisukuma kile kichwa kwa mpini mpaka kikarudi ndani. Sherifu alipoingia nikamwambia, "Hii ni kazi ya Lyle."

Ni hayo tu niliyosema, yakamtosha. Watu waliacha kumpelekea bunduki, akafunga duka, sasa anaendesha greda la kaunti. Mama yenu alikufa akimlaani mtu asiye na kosa, nami nilikuwa nalala ubavuni mwake. Wewe Clell ulimvunja meno nje ya duka la chakula cha mifugo, naye hakurudisha mkono, na jioni ile nilikununulia bia. Mnataka kujua kwa nini nilinyamaza. Niliogopa mama yenu angeniacha. Sina sababu nzuri kuliko hiyo, na nimeitafuta sana.

Usiondoke, Clell. Nichukie ukiwa umekaa.

Mkishanizika, mwiteni sherifu aliyepo mumweleze kama nilivyowaeleza, bila kunipunguzia. Msinisifu kanisani. Na msimwombe Lyle anisamehe. Mwambieni ukweli tu; kusamehe ni kazi yake mwenyewe. Mungu awape... ngoja, nipumue... Mungu awape mikono isiyo na haraka. Muwe na amani ninyi wawili. Mpendane, nimebaki na ninyi tu.

Mnasikia gari? Ni Lyle. Dagny alimpigia simu asubuhi, mimi nilimtuma, hajui anaitiwa nini. Nilitaka nimwambie mwenyewe, lakini sauti... sauti haifiki tena. Clell, toka umpokee uani. Mweleze pale pale, kabla hajavua kofia, kabla hajaingia humu. Akiniona hivi nilivyo atanihurumia, namjua, na sitaki anihurumie kabla hajajua. Nenda, mwanangu. Nenda sasa.