Aliyewapigia Chapa Marehemu Wetu

Dada yetu, ambaye nyumbani tulimwita Mbona, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Jina hilo alipewa na mama, aliyechoka kuulizwa maswali kutwa nzima.

Alimaliza sekondari mwaka 1997 akiwa na alama za kumpeleka chuo kikuu. Hakwenda. Baba alikuwa amestaafu, nasi wadogo zake tulikuwa bado shuleni.

Mwaka 1999 aliajiriwa kupiga chapa katika duka la uchapaji karibu na stendi. Wengi mlioketi hapa mlimpelekea ratiba za mazishi ya wazazi wenu. Kazi ilikuwa ya mbiombio: alifungua wasifu wa marehemu wa juzi, akafuta jina, akaweka la leo. Siku moja alisahau kufuta kifungu kimoja, na fundi bomba akazikwa kama "mama mlezi, mpishi hodari." Waombolezaji walijikaza wasicheke. Dada hakucheka. Alituambia, "Mbona familia nzima ilisoma na hakuna aliyeshtuka? Wote tunawaandika sawasawa."

Swali hilo halikumtoka. Septemba 2021, akiwa na miaka arobaini na miwili, alijiunga na chuo kikuu kusomea shahada ya kwanza ya insia na utamaduni. Alisoma historia, falsafa na fasihi, na tasnifu yake ilihusu yale ambayo familia huyaficha katika wasifu wa marehemu. Tulimsumbua sana: "Ukimaliza utakuwa nani?" Alijibu, "Nitakuwa yuleyule, ila sitadanganywa kirahisi."

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 2003 na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaliwa binti na mwana. Juzi baba mdogo aliniambia, "Hapo andika waliishi kwa furaha, yaishe." Sikuandika hivyo, kwa sababu dada alipokuwa mgonjwa aliniomba, "Wasifu wangu usiunakili kutoka wa mtu." Februari 2023 shemeji alihama nyumbani, akisema hakuoa mwanafunzi. Nilimwonyesha kifungu hiki kabla hakijachapwa. Alikisoma, akakirudia, kisha akasema, "Kiache. Ila andika pia kwamba nilirudi."

Alirudi. Aprili 2024 dada aligunduliwa kuwa na saratani ya ini, na mwezi Juni shemeji alifika wodini na begi lake. Dada alimuuliza, "Mbona umerudi?" Shemeji alimmenyea chungwa. Aliulizwa tena siku nyingine, akamenya jingine. Dada alifariki tarehe 9 Novemba, tasnifu ikiwa imebakiza sura moja, na hilo linatuuma. Sijui kama alimsamehe mumewe, na sitaandika kwamba alimsamehe.

Ameacha mama, wadogo watatu, watoto wawili, na mume ambaye bado ana swali la kujibu.

Apumzike kwa amani, asiulizwe tena atakuwa nani.