Gauni la Kijani Lililopauka

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyinyi wote mlioacha shughuli zenu ili kuwa nasi, familia imenituma mimi, kitinda mimba, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Rangi, na nitajitahidi kusoma bila sauti kukatika.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili kati ya watano wa baba yetu aliyekuwa dobi, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la kufulia, ambamo shuka za watu zilining'inia juu ya vitanda vyetu. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akaendelea na sekondari mpaka kidato cha pili, baba alipoanza kuugua mgongo, ndipo akaingia chuo cha ushonaji, na mwezi Juni 1979 akaajiriwa na kampuni ya filamu, kwanza kama mpiga pasi, na baada ya miaka kadhaa akakabidhiwa chumba kizima cha mavazi.

Kwa wasioijua kazi hiyo, niseme kidogo. Dada hakuwavalisha watu ili wapendeze tu, alitumia rangi kusimulia, mwongo katika filamu moja alianza na shati la kijivu, na kila alipodanganya shati lilizidi kung'aa, hata siku ya kesi akasimama mbele ya hakimu na shati jeupe pe, na watazamaji wakamchukia bila kujua ni nani aliyewachochea. Nyumbani ilikuwa taabu kutazama naye filamu, maana alikuwa anatutajia muuaji kwa kuangalia soksi.

Tarehe 8 Septemba 1984 alifunga ndoa na fundi wa taa wa kampuni hiyohiyo, shemeji yetu mpole, wakajaliwa binti mmoja mwaka 1986, lakini shemeji alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1991, na dada akabaki na mtoto mdogo na kazi iliyomtaka awe safarini sehemu kubwa ya mwaka, basi mtoto akalelewa na mama yetu, na dada akawa mtu wa kuja na kuondoka. Binti alikua na donge moyoni, siku moja alimpokea mama yake mlangoni kwa kumwambia, “Karibu mgeni,” na alipomaliza masomo akahamia mji mwingine, na simu za mama yake akawa hapokei. Binti huyo amekaa hapa mbele, na ndiye aliyeniomba sehemu hii nisiiruke.

Mwaka 2009 kampuni ilitengeneza filamu ya mama anayewaacha watoto wake kwenda kutafuta kazi mbali. Mwongozaji alitaka mama huyo aondoke na gauni jekundu, ili watazamaji waone kwamba amefuata raha, dada akakataa, wakabishana mpaka waigizaji wakaenda kunywa chai.

“Ukimvalisha nyekundu,” alimwambia, “watu watakuwa wameshamhukumu kabla hajafunga mlango.”

Yeye alitaka kijani, kitambaa kilekile cha mapazia ya nyumbani na mito ya watoto, ili mama aondoke akiwa kama kipande cha chumba, na kadiri anavyokaa ugenini gauni lizidi kupauka, ila asivae rangi nyingine, mpaka siku anaporudi anakuta mapazia yamebadilishwa, yamekuwa ya njano, na yeye hafanani na kitu chochote mle ndani. Mwongozaji alikubali, lakini akashikilia kilemba chekundu, ili mama aonekane katikati ya abiria, na dada alikiri baadaye kwamba hapo mwenzake alikuwa sahihi.

Binti alikwenda kuitazama filamu hiyo na wafanyakazi wenzake, bila kujua ni kazi ya nani, na ile picha ya mama aliyesimama katikati ya njano na gauni lake lililopauka ilimbakiza kitini hadi majina ya watengenezaji yakapita, akaliona la mama yake. Kesho yake alipiga simu, akamuuliza kwa nini miaka yote hakuwahi kumwambia kwamba hivyo ndivyo alivyojisikia kila alipoondoka na kurudi. Sisi tuliokuwa sebuleni tulimsikia dada akijibu taratibu.

“Ningekuambia kwa mdomo, mwanangu, ungenibishia.”

Hawakupatana siku hiyo, wala mwezi huo, binti alikuja, wakagombana, akaondoka, akaja tena, na mwaka 2013 akamleta mjukuu, ambaye dada alishinda naye kutwa na kukataa kila safari aliyoitiwa.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, na miezi ya mwisho binti alihamia chumbani kwake, hadi asubuhi ya tarehe 3 Februari 2024, dada alipofariki mkono wake ukiwa mikononi mwa mwanawe. Gauni la samawati alilovaa leo alilichagua mwenyewe, na ameagiza tuwaambie watu wa filamu wasihangaike kulitafutia maana, amelipenda kwa sababu ni laini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotupikia na kutufariji, na ninyi wa kampuni, pamoja na mwongozaji, aliyefika wa kwanza akasaidia kupanga viti.

Dada, umewavalisha wengine miaka mingi ukiwa umesimama, sasa lala, upumzike kwa amani.