Jeki ya Kiwandani Kwenye Udongo wa Mbuga

Mwaka 1995 ununuzi wa pamba ulikuwa umekwisha kuachiwa watu binafsi, na pikapu za mitumba kutoka Ujapani zilianza kuonekana hadi vijijini. Kando ya barabara iingiayo Bariadi kutoka Lamadi palikuwa na kijiwe cha kahawa, ambapo watu walikalia mawe bapa. Wenyeji wake walikuwa watatu: Anatoli, dereva mstaafu wa malori ya ushirika, aliyeitwa Injinia; Thomasi, muuza vipuri, aliyeitwa Dubai ingawa hajapata kuvuka Shinyanga; na Mayala, aliyeitwa Redio. Asubuhi hiyo, mvua ilipokatika, pikapu ya Masunga ilipata pancha mbele yao. Huyu ni Masunga mwana wa Mhoja, si yule wa mashine ya kusaga. Alibeba sato wabichi wa Nyanjige, mwenye hoteli, aliyekwisha kumwambia: wakifika baada ya saa nne, asilete tena. Ilikuwa safari yake ya kwanza kwa mama huyo. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu.

Nati alikwisha kuzilegeza. Jeki aliyoikuta ndani ya gari, ile ya mkasi, ilipanda vidole viwili, kisha ikazama kwenye tope jeusi. Akaiweka juu ya ubao. Ubao nao ukazama.

— Jeki ya kiwandani huzaliwa na gari lake, alisema Injinia. Lori letu la Kiingereza lilikuja na jeki ya chupa, nzito kama ndama. Hiyo yako ni ya kunyanyulia baiskeli.

— Ndiyo iliyokuja na gari, mzee.

— Basi gari lenyewe halikulelewa.

Dubai alikwenda dukani kwake, akarudi amekumbatia jeki ya chupa.

— Tani tano hiyo. Weka uone.

Masunga akalala kifudifudi topeni.

— Haiingii. Gari limekaa chini.

— Ishushe.

— Nimeishusha hadi mwisho.

— Lakini nguvu inayo!

— Nguvu ya nini, kama haiingii?

— Usidharau, kijana. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

— Jeki si ni yako?

— Ndiyo maana nakuonya.

Masunga akaenda kunusa samaki. Walikuwa hawajaharibika, ila barafu ilikuwa imebaki maji.

— Samaki mkunje angali mbichi, Injinia alimpa moyo.

— Sitaki kuwakunja, mzee. Nataka kuwafikisha.

Redio alimeza kahawa, akasafisha koo.

— Nyote hamjui. Mjapani hapati pancha. Barabara zake ni saruji hadi chooni. Jeki ameweka kwa sababu serikali yake inakagua.

— Umesikia wapi?

— Nimesikia. Tena kiwandani hupima jeki kwa uzito wa mnunuzi wa kwanza. Mjapani ana kilo hamsini. Masunga, wewe una ngapi?

— Mimi simo ndani ya gari!

— Jeki itajuaje?

— Hapo Redio amesema, Dubai alikubali.

— Hajasema kitu, alijibu Injinia. Jeki ya Kiingereza ilikuwa haimuulizi mtu kilo.

Masunga aliinama tena, akaijaribu ile ya mkasi kwa mara ya tatu. Ikazama hadi shingoni. Ndipo alipofika Evalina, mama mtu mzima mwenye shamba la pamba ng'ambo ya barabara, jembe begani.

— Mwangaluka, aliwasalimu.

— Mwangaluka, mayu, walimwitikia mama huyo.

— Mnafanya nini?

— Tunalinganisha jeki, alisema Injinia. Ya mkasi inaingia ila inazama. Ya chupa haizami ila haiingii.

Evalina alilizunguka gari mara moja. Aliutazama udongo zaidi kuliko alivyozitazama jeki.

— Ni lazima gari lipande?

— Sasa tairi litatokaje? aliuliza Injinia.

— Hayo mawe mliyokalia, yakisukumwa chini ya ekseli yakabeba gari, halafu mkachimba chini ya tairi, halitatoka?

  

Masunga alinyanyuka topeni, akanyoosha mkono.

— Mayu, naomba jembe. Na ninyi wazee, simameni.